Ulivyotuamkia Kabla ya Kutuhamisha

Kiberege, Jumamosi asubuhi

Severini, mtani wangu,

Sijui kama barua hufika huko, lakini wewe ulikuwa mtu wa kufika mahali pasipo na njia, basi naandika.

Binti yako Gaudensia ameniuliza swali. Alikuja Jumatano, akaketi kwenye kigoda, akanisalimia mpaka habari za kuku kama ulivyomlea, kisha akasema: "Baba, siku ya mazishi, yale uliyoyasema mbele ya jeneza, ulikuwa unatania?" Nimefundisha kisomo cha watu wazima karibu maisha yangu yote, nimezoea kujibu maswali. Hilo lilinishinda. Nikamwomba siku tatu. Leo ni ya tatu, na ataingia wakati wowote baada ya jua kupinda.

Nikisema nilikuwa natania, anabaki na baba yake. Nikisema sikuwa natania, nakuzika mara ya pili, na safari hii hakuna wa kunisaidia kubeba.

Anayo sababu ya kuuliza sasa. Unajua amekuwa Bibi Maendeleo wa kata. Jumatatu ofisi inamtuma kule mtoni tulikohamishwa, akawaambie watu waliorudi kulima, pamoja na wafugaji wa Kisukuma waliopiga kambi na ng'ombe wao, kwamba wahame wote kabla ya mvua. Wamemchagua kwa kuwa ni mtoto wako. Wanasema anajua kuongea na watu kama baba yake. Naye anataka kujua anaongea kama nani.

Wakati namngoja, nikupe habari. Baiskeli yako ameichukua mkweo, na rimu ya nyuma imeshapinda. Mpunga mwaka huu umekuwa mzuri Namawala, huku kwetu hafifu. Vyama ni vingi, na kila chama kina msemaji wake. Wanakuja na gari lenye vipaza sauti, wanasimama juu ya gari hilo hilo na miwani yao ya jua, wanasema "Hamjambo wananchi" mara moja kwa watu mia tatu, kisha wanaanza kuahidi. Watu wanawasikiliza huku wanatafuna miwa. Wakishaondoka wazee wanatikisa vichwa: "Angekuwapo Severini." Halafu wananigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa rafiki yako, wakingoja niitikie. Naitikia.

Hawajui hasa wanachokikosa. Mimi nakijua, maana nilikutazama ukifanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Hukusimama kusema kabla ya kuombwa usimame. Baiskeli uliiacha mbali, ukaja kwa miguu, kofia umeishika, ukazunguka duara lote ukipeana mikono, mkono wa kushoto umegusa kiwiko cha wa kulia. Wazee uliwaamkia. Waliokuzidi kidogo uliwaamkia. Hata wadogo zako kwa miaka mitatu minne uliwaamkia, wakaona aibu, na mtu aliyeona aibu hawezi kukukatalia neno saa hiyo hiyo. Yule aliyekuja kukupinga ulimtafuta mapema. Ulimwuliza habari za mguu wake. Ulimwomba yeye, mbele ya wote, akuruhusu useme maneno mawili. Tena hukusema "ninyi" hata siku moja. Ulisema "sisi". Tutahama. Tutapata shida kidogo. Tutazoea. Nyumba yako ya bati ilikuwa Ifakara na haikuhama hata hatua moja.

Nimesoma vitabu vingi, unavijua, ulikuwa ukiviazima na kuvirudisha na madoa ya chai. Vipo vinavyofundisha kusema mbele za watu: sauti ipande wapi, mikono ikae wapi, macho yatazame wapi. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba heshima inaweza kufungia watu kama kamba.

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, wewe ulikuja kwetu siku moja kabla ya mkutano. Nilikuwa mwalimu kijana, wewe karani wa ofisi, na tulikuwa tumefahamiana miezi michache tu. Ulisema, "Mtani, babu zangu Wangoni waliwapiga babu zako. Nikisimama kesho simjui mtu, mtanitupa kwa mamba. Hebu niambie nani ni nani." Nikacheka. Tukapanda kwenye dungu letu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, nami nikakuonyesha nyumba moja moja kwa kidole. Huyu mkaidi. Yule anamwogopa mkewe. Yule alikwenda vita vya wazungu akarudi bila vidole viwili. Nilipofika kwenye nyumba ya mama yangu nilisema, huyu ukimpata umewapata wote. Nikakuambia habari za mdogo wangu Kasiani, aliyechukuliwa na mto akiwa na miaka sita, na kwamba tangu siku ile hakuna mtu anayethubutu kulitaja jina lake mbele ya mama.

Nilikuambia kwa majivuno. Nilifurahi kwamba mtu wa ofisi ananiuliza mimi.

Kesho yake ulimwendea mama kabla ya wote. Ulipiga magoti kwenye tope na suruali yako ya kazi. "Shikamoo mama. Pole ya Kasiani. Nimechelewa miaka mingi, naomba unisamehe." Mama yangu alikuwa ameapa kwamba pale ataondoka amebebwa tu. Alifunika uso kwa ncha ya kanga. Akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuisikia tena kwake. Na ulipofika kwenye habari ya kuhama, aliuliza neno moja: "Na mpunga wangu?" Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Ukasema, "Utarudi kuuvuna mama, kwa mikono yako mwenyewe. Nami nitakuja kukubebea." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi.

Tulihama ndani ya juma moja. Siku chache baadaye waliotumwa walichoma nyumba ili tusiwe na pa kurudi, na njia ya mtoni ikazuiwa. Mpunga ukaliwa na ndege na nguruwe, na uliobaki wakamaliza viboko. Mama akaanza kukuulizia.

Hukumkimbia, lazima niseme. Kila mwezi ulifika. Ulimwamkia kwa magoti yale yale. "Bado kidogo mama, tunaombea kibali." Ulikula chakula chake, akakuwekea paja la kuku ambalo mimi mwanawe sikuwekewa. Kisu chake cha kuvunia aliendelea kukinoa. Masika ya pili hakuinuka kitandani, na siku zile za mwisho, akili ikiwa inakuja na kuondoka, alichouliza ni kama yule kijana mwenye adabu amefika.

Mpaka leo nikiulizwa kwetu ni wapi, naonyesha kusini kwa kidevu, kuelekea mto. Wanaouliza wanadhani namaanisha Ifakara mjini. Sijisumbui kuwasahihisha. Katika nyumba hii ya Kiberege nimekaa miaka zaidi ya ile niliyokaa kwetu, na bado nikiamka natafuta mlango upande usio na mlango. Wewe ulipenda kunichokoza: "Ninyi Wandamba, mkiona maji mnaona nyumbani." Nami nakujibu: "Na ninyi Wangoni mkiona nyumba ya mtu mnaona yenu." Tulicheka. Wenye duka la chai pale stesheni walikuwa wakitusogelea ili wasikie tunavyotukanana.

Tulikuwa marafiki. Sitaki kuandika uongo kwa kuwa nina hasira. Ulipofiwa na mkeo nilikaa kwako siku tisa, na siku ya kumi ulinikatalia nisiondoke.

Halafu mwaka huu, ugonjwa ulipokwisha kukulaza, mchana mmoja nilikuwa nakukorogea uji. Ukasema, umetazama ukuta: "Mwalimu, ule mpunga wa mama. Nilijua tangu siku ile. Ilikwisha amriwa kwamba hakuna atakayerudi." Niliendelea kukoroga. Ukasema tena: "Ningewaambia, mngekataa. Mngekataa, wangekuja wenye bunduki. Nikaona afadhali niwadanganye kwa heshima."

Nilikulisha uji wote. Nilikufuta kidevu. Sikukujibu, nawe ukadhani nimekusamehe, kwa kuwa maisha yako yote watu waliponyamaza ulichukua kwamba wamekubali. Basi jibu langu ni hili. Wangekuja wenye bunduki, tungewachukia vizuri. Mama angewatukana, angebebwa kama alivyoapa, angeshushwa kijijini na hasira yake nzima, na hasira ile ingemtunza miaka kumi. Wewe ulimnyang'anya mpunga, ukamnyang'anya na hasira. Ulichomwachia ni kungoja.

Ulipokufa walinitafuta mimi, kwa sababu mimi ndiye mtani wako. Desturi unaijua, wewe mwenyewe uliwatenda wenzangu vibaya zaidi. Siku ya mazishi mtani anaruhusiwa kusema lolote juu ya maiti, kulala njiani jeneza lisipite, kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Nilivaa koti lako la mikutano. Nikashika kofia yako. Nikazunguka duara zima la waombolezaji nikimwamkia kila mtu, hata watoto, hata mbuzi aliyefungwa kwenye mpapai, nao wakaanza kucheka. Kisha nikapiga magoti mbele ya jeneza nikasema:

"Huyu alimwambia mama yangu atarudi kuvuna, na huku anajua hatarudi. Alimdanganya kwa adabu mpaka akafa. Mwonyeni Mungu mapema. Huyu ataanza na shikamoo, na ikifika jioni Mungu atajikuta amehama mbinguni."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja akasema, "Mtani hana huruma huyu." Mkweo akanipa jogoo ili ninyamaze, nikampokea. Miaka yote nilitafuta mahali pa kulisema neno lile mbele za watu, na nilipolisema ilikuwa mahali pekee ambapo haliwezi kusikika. Umati wote ule, Gaudensia peke yake hakucheka.

Nasikia kengele ya baiskeli. Naacha hapa.

Jumamosi, jua linazama

Amekuja, na ameondoka.

Nilimwambia haikuwa utani. Nilimweleza kila kitu, toka magoti yako kwenye tope mpaka uji. Kila kitu isipokuwa habari ya dungu. Nilijiambia naiacha kwa ajili ya kufupisha.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, tena kwa upole: "Baba alijuaje jina la Kasiani?"

Severini, mtoto huyu ni wako. Umemwachia macho yale yale yanayopita watu mia na kumwona yule mmoja aliyejificha.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulijua analitakia nini?"

"Nilijua anataka wakubali."

"Basi mlikuwa wawili, baba."

Akainuka. Akachukua kikombe changu, akakiosha, akakifunika juu ya meza. Akasema, "Asante kwa kunieleza, ulale salama." Mlango aliurudisha polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa amesinzia. Ningefurahi angenitukana. Nimekaa hapa nikijaribu kujua kama ile ilikuwa huruma au hukumu, na sijui, na nadhani hivyo ndivyo watu walivyokaa kila ulipowaaga ukaondoka na kofia yako.

Jumanne

Habari za jana nimezipata kwake mwenyewe. Alipita hapa asubuhi akielekea ofisini, sketi ina madoa ya matope yasiyotoka, akaegemeza baiskeli ukutani bila kuniamkia.

Anasema hakuiacha baiskeli mbali. Alifika nayo mpaka katikati ya watu. Hakumzunguka mtu, hakumwuliza mtu habari za nyumbani, kwa kuwa aliapa asitumie hata kitu kimoja chako. Alisimama akasema: "Naitwa Gaudensia, nimetumwa na ofisi. Mnatakiwa mhame kabla ya mvua. Mpunga ulioko shambani sidhani kama mtaruhusiwa kuuvuna. Siwezi kuwaahidi kitu chochote."

Nilipomsikia nilijisikia fahari. Maneno yale ndiyo niliyotaka mama yangu ayasikie. Nikamwuliza walisemaje.

Alijibu mfugaji mmoja, mzee, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, akasema: "Mama, sisi hata ng'ombe tunawapigia mluzi kabla ya kuwaswaga." Wakacheka, lakini si kicheko cha utani, maana hakuna aliyemwangalia usoni. Mtu akatupa bonge la tope. Likafuata jingine. Alisimama akayapokea, mpaka mwanamke mmoja mzee akawaambia waache.

Alikuwa Tekla. Unamkumbuka, jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Kumbe alirudi kimya kimya, amejenga kibanda pale pale palipochomwa. Alimsogelea Gaudensia, akamgeuza uso kwenye mwanga kwa kidole.

"Wewe mtoto wa Severini?"

"Ndiyo, bibi."

"Baba yako alikuwa na adabu. Alitupokonya kila kitu, lakini alitusalimu kwanza. Wewe unakuja kutupokonya, hata salamu hutupi?"

Kwa hiyo Tekla alijua. Labda walijua wengi. Miaka yote hii nimebeba siri ambayo wenyewe walikuwa nayo, na waliposema angekuwapo Severini, walisema wakijua ulichowatenda. Hilo ndilo lililonikalisha chini, si yale matope. Walikuchagua wewe na uongo wako kuliko mtu yeyote ambaye angewaambia ukweli kutoka juu ya baiskeli.

Hakuna aliyemsikiliza tena. Hakuna aliyekunja hata mkeka. Ofisi imempa juma moja arudi kuwabembeleza. Wakikataa watatumwa wengine, na hao hawatakuja kuongea.

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?" aliniuliza. Ameacha kuniita baba.

Nilimwambia tutakwenda wote Jumatatu. Nakuandikia ili nikuahidi na wewe, maana ahadi niliyompa mtoto wako peke yake naweza kuivunja; nimezeeka, magoti yanauma, nitapata kisingizio.

Ahadi yenyewe ni hii. Nitashuka kwenye baiskeli mbali. Nitawazunguka wote, mmoja mmoja. Yule mzee mwenye fimbo nitamwamkia, hata kama nimemzidi miaka, na nitamwuliza ng'ombe wake wamepitaje kiangazi. Kwa Tekla nitapiga magoti, na nitampa pole ya mumewe, ambaye sikwenda kumzika. Kisha kabla sijainuka, mkono wake ukiwa bado mkononi mwangu, nitamwambia mpunga hatauvuna. Nitamwambia nimejuaje, na mara ya kwanza nilisaidiaje. Sitasema "sisi". Halafu nitakaa chini pale pale niulizwe wanachotaka kuniuliza, na kama wataamua kubaki wangoje hao wasiokuja kuongea, nitabaki nao. Kwetu ni pale.

Huenda watanitupia tope na mimi. Huenda heshima na ukweli havikai kinywa kimoja, kama ulivyoamini. Gaudensia anadhani vinakaa. Mimi sijui. Ila ninalojua ni kwamba wewe, na ulimi ule wote, na miaka ile yote, na watu waliokuwa tayari kupokea chochote mkononi mwako, hukujaribu hata mara moja.

Kaa salama huko, mtani. Sijakusamehe, na sina rafiki mwingine.

Longini